Vilima vya Lubumbashi

1. Alama za mji

Kila mji una alama zake. Baharia anayekaribia Mombasa huona kuta za Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, naye hujua ya kuwa safari imekwisha. Anayekuja Unguja kwa chombo huona majumba marefu ya mawe yamesimama mbele ya maji. Na penye pwani yenye vilima watu hupenda kupanda juu, wapate kutazama bahari na mji kwa pamoja.

Lubumbashi haina bahari. Mji huu umejengwa juu ya uwanda ulioinuka mita 1,200 hivi kupita usawa wa bahari, nayo bahari iko mbali sana, upande wa mashariki na upande wa magharibi. Tena nchi yenyewe imelala kama mkeka. Mtu akitafuta kilima kirefu kilichokuwapo tangu mwanzo wa dunia, atachoka bure.

Je, mgeni akija Lubumbashi atapanda wapi? Atatazama nini? Msidhani hakuna kitu. Katika mji huu kuna vilima vya namna mbili, na vyote viwili vilijengwa. Vya kwanza vilijengwa na wadudu. Cha pili kilijengwa na watu. Basi tuvitazame kimoja kimoja, halafu tutazame na alama nyingine za mji.

2. Vilima vya mchwa

Tokeni nje ya mji kidogo, mwende porini kwenye miti ya miombo. Mtaona vichuguu vikubwa, virefu kupita nyumba. Vingine vina urefu wa mita 5, vingine hufika hata mita 8. Katika hektari moja ya pori huweza kuonekana vitatu, vinne au vitano. Miti huota juu yake, ndege hujenga humo, na wakulima hupenda udongo wake kwa sababu una rutuba.

Nani alivijenga? Mchwa, mdudu ambaye mtoto humponda kwa kidole. Kila mmoja huleta punje moja ya udongo, huilowesha kwa mate, huibandika mahali pake, kisha hurudi kuchukua nyingine. Wataalamu walivipima vichuguu kadhaa karibu na Lubumbashi, wakatoa habari zao mwaka 2015. Walikuta kimoja kina umri wa zaidi ya miaka 2,000. Maana yake, kichuguu hicho kilikuwapo kabla ya mji, kabla ya reli, na kabla ya watawala wa zamani ambao majina yao tunayajua. Ndivyo wasemavyo wazee: haba na haba hujaza kibaba.

Udongo wa kichuguu umewafaa watu tangu kale. Wafua shaba wa zamani walijenga tanuru zao kwa udongo huo, kwa sababu haupasuki upesi penye moto. Na mji ulipoanza, mafundi waliuchukua kufyatulia matofali, wakayachoma, wakajenga nyumba. Kwa hiyo mtoto wa Lubumbashi anayelala katika nyumba ya matofali, pengine analala ndani ya kazi ya mchwa.

3. Kilima cheusi na dohani

Sasa turudi mjini. Karibu na mto Lubumbashi kuna kilima cheusi, kikubwa, kisichoota majani. Kando yake imesimama dohani, yaani bomba kubwa la kutolea moshi, lenye urefu wa karibu mita 150. Anayekuja kwa barabara au kwa gari la moshi huviona viwili hivi toka mbali. Hivyo ndivyo alama ya Lubumbashi, kama vile ngome ilivyo alama ya Mombasa.

Kilima hiki hakikuumbwa pamoja na nchi. Mwaka 1910 hakikuwapo. Katika mwaka ule reli kutoka kusini ilifika hapa, na serikali ya Wabelgiji ikapima njia za mji mpya. Waliuita Élisabethville, kwa jina la malkia wao. Mwaka 1966 mji ukaitwa Lubumbashi, kwa jina la mto wake. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilijenga kiwanda kando ya mto, kwa maana kiwanda cha kuyeyusha shaba hutaka maji mengi. Mwaka 1911 shaba ya kwanza ikamiminwa.

Kilima kilitokea namna gani? Sikilizeni vizuri. Jiwe la shaba si shaba tupu. Ndani yake mna shaba kidogo na mawe mengi. Jiwe hilo lilichimbwa kwanza katika mgodi wa Étoile, karibu na mahali paitwapo leo Ruashi. Likaletwa kiwandani, likatiwa katika tanuru pamoja na makaa na mawe ya chokaa. Makaa hayo yalitoka mbali, Wankie, katika nchi iitwayo leo Zimbabwe. Moto ulipokuwa mkali sana, vyote viliyeyuka vikawa kama uji. Shaba ni nzito, ikashuka chini. Yale mengine ni mepesi, yakaelea juu. Wafanyakazi walitoa shaba upande mmoja, na makapi upande mwingine. Wahunzi wa zamani waliyaita makapi ya namna hii mavi ya chuma. Yakachukuliwa, yakamwagwa nje, yakapoa, yakawa mawe meusi. Kesho yake yakamwagwa mengine juu yake.

Hivyo mwaka kwa mwaka, mchana na usiku. Mwisho kikawa kilima cha mamilioni ya tani. Watu walifanya kama mchwa, ila mchwa hujenga nyumba yao wenyewe. Watu hawa walikuwa wakitafuta shaba, na kilima kilikuwa ni kile walichokitupa.

4. Watu waliokijenga

Mtu akitazama kilima, asifikiri mawe tu. Afikiri mikono. Kiwanda kilihitaji watu wengi, na uwandani hapa palikuwa na watu wachache. Kampuni ikawatafuta wafanyakazi mbali: Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, Kasai, Maniema, Rwanda na Urundi. Kila mmoja alikuja na lugha yake. Katika kambi walihitaji lugha moja ya kusikilizana, na Kiswahili kikawa lugha hiyo. Ndiyo sababu watoto wa Lubumbashi husema Kiswahili, ingawa babu zao walisema Kibemba, au Kiluba, au Kisanga, au lugha nyingine.

Kazi ilikuwa ngumu. Joto la tanuru ni kali, vumbi ni baya kwa kifua. Nyumba za Waafrika zilitengwa na nyumba za Wazungu, na katikati palikuwa na nafasi tupu. Mtaa wa kwanza wa Waafrika uliobaki mpaka leo ni Kamalondo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili shaba ilitakiwa sana, kazi ikazidi, na bei ya vitu ikapanda, lakini mshahara haukutosha. Mwezi wa Desemba mwaka 1941 wafanyakazi waliacha kazi, wakadai waongezwe mshahara. Walikusanyika katika uwanja wa mpira. Tarehe 9 Desemba askari waliwapiga risasi. Watu wengi walikufa, na mmoja wao alikuwa karani Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake. Hawakuwa wezi wala waasi; walitaka chakula cha kutosha kwa watoto wao.

Kwa hiyo kilima cheusi ni kumbukumbu pia. Hakuna majina yaliyoandikwa juu yake, lakini kila jiwe lilipita mbele ya macho ya mtu fulani, baba au babu wa mtu fulani.

5. Nyumba za kutazama mjini

Tuache kiwanda sasa, twende katikati ya mji.

Kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo limejengwa kwa matofali mekundu, karibu na mwaka 1920, zamani za wamonaki Wabenedikto. Mkuu wao, Jean-Félix de Hemptinne, alifika Katanga mwaka 1910, akawa baadaye askofu. Mwaka 1911 walifika na Wasalesiani wa Don Bosco, wakafungua shule. Chuo chao kikubwa huitwa leo Imara. Anayeingia katika kanisa kuu atazame kuta zake bila haraka, ahesabu safu za matofali kama anaweza. Kila tofali lilifinyangwa, likachomwa, likapandishwa.

Si Wakatoliki tu waliojenga. Wayahudi, ambao wengi wao walitoka katika kisiwa cha Rhodes, walijenga sinagogi yao mjini humu. Wagiriki nao walikuja, na Waitaliano, na Wareno. Mji usio na bahari uliwapokea watu wa visiwa na pwani.

Nyumba ya makumbusho ya taifa ilianza mwaka 1946. Humo kuna vitu vya kale vya Katanga, na kimoja mtoto asikipite bila kusimama: msalaba wa shaba. Misalaba hii haikuletwa na wamisionari. Wafua shaba wa kale, walioitwa wala shaba kwa sababu walikula kwa kazi hiyo, waliyeyusha jiwe la kijani na kuimimina shaba katika kalibu yenye umbo la msalaba. Watu walinunua na kuuza kwa misalaba hiyo, kama sisi tunavyotumia noti. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimbua makaburi ya kale huko Sanga, karibu na Ziwa Kisale, wakakuta misalaba ya shaba imezikwa pamoja na wafu. Kumbe shaba ya Katanga haikuvumbuliwa na kampuni. Ilijulikana na kufuliwa hapa mamia ya miaka kabla ya gari la moshi.

Karibu na makumbusho iko nyumba kubwa ya michezo ya kuigiza, iliyojengwa katika miaka ya 1950. Huitwa leo Jumba la Tarehe 30 Juni, yaani siku ya Uhuru wa Kongo, mwaka 1960. Baada ya Uhuru palitokea taabu. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza ya kuwa Katanga imejitenga na Kongo, na jambo hilo halikwisha mpaka mwezi wa Januari 1963. Sanamu ya Tshombe imesimama leo karibu na posta. Lakini ukifuata barabara ya Likasi, mbali kidogo na mji, utafika Shilatembo. Huko ndiko Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa usiku wa tarehe 17 Januari 1961, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Mwaka 2022 jino lake, ambalo ndilo pekee lililobaki katika mwili wake, lilirudishwa kutoka Ubelgiji, likapitishwa na huko Shilatembo kabla ya kuzikwa Kinshasa. Anayekwenda kutazama mji na atazame alama zote mbili, ya posta na ya Shilatembo. Mtu hasomi nusu ya kitabu akasema amekimaliza.

Na wavulana watauliza: Je, uwanja wa mpira? Uko Kamalondo, nao ni uwanja wa Mazembe. Timu hiyo ilianzishwa mwaka 1939 na wamonaki Wabenedikto kwa ajili ya vijana. Imekuwa bingwa wa Afrika mara 5: mwaka 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Mwaka 2010 ilicheza fainali ya kombe la dunia la vilabu, na hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imefika huko kabla yake. Haikushinda siku ile, lakini dunia nzima ililisikia jina la Lubumbashi.

6. Kilima kina nini ndani?

Turudi tena kwenye kilima cheusi, kwa maana habari yake haijaisha. Tangu mwaka 1967 kiwanda kilikuwa mali ya serikali ya Kongo, na kampuni ikaitwa baadaye Gécamines. Katika miaka ya 1990 tanuru za zamani zilizimwa. Dohani ikabaki bila moshi. Wengi walidhani kilima ni taka tu.

Lakini katika makapi yale walibaki madini mengine, hasa kobalti, ambayo watu wa kwanza hawakuweza kuitoa yote, wala hawakuijali sana. Siku hizi kobalti hutumika katika betri za simu na za motokaa za umeme. Kwa hiyo tangu mwanzo wa karne hii mashine zilianza kukimega kilima. Makapi yaliyeyushwa tena, na kobalti ikapelekwa hata nchi ya Ufini kusafishwa. Kile kilichotupwa na babu kikawa mali kwa wajukuu. Kilima kilichopanda kwa karibu miaka 80 kikaanza kupungua.

Je, mali hii inamfikia nani? Ni swali kubwa, na mtoto anayesoma leo atakuwa mtu mzima kesho. Ni lazima ajue kuhesabu, kusoma mapatano, na kuuliza.

7. Moshi umeacha nini?

Jambo jingine halionekani kwa macho. Kwa miaka mingi dohani ilitoa moshi, na pepo kutoka kusini-mashariki ziliusukuma upande wa kaskazini-magharibi. Vumbi la shaba na la madini mengine likaanguka huko. Miti ikafa, na udongo ukabaki mtupu, mvua ikaukokota. Walimu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walijaribu kupanda tena majani na miti mahali paitwapo Penga Penga. Walichagua majani yanayoweza kuvumilia shaba. Katanga ina mimea ya namna hiyo. Upo mmoja uitwao ua la shaba. Wachimbaji wa zamani walipouona, walijua ya kuwa chini yake huenda kuna madini.

Watu hawawezi kuvumilia kama majani yale. Mwaka 2009 madaktari wa Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walitoa habari walizopata kwa kupima mkojo wa watu waliokaa karibu na migodi na viwanda. Walikuta kobalti na madini mengine kupita kiasi, na watoto walikuwa nayo zaidi. Kwa nini watoto? Kwa sababu hucheza mavumbini, kisha hutia mikono mdomoni.

Basi, kilima hiki kitazamwe kwa mbali. Mtoto asichezee makapi wala vumbi lake. Akirudi nyumbani anawe mikono kwa maji safi kabla ya kula, na mboga zioshwe vizuri. Hili si jambo dogo. Linalinda damu na mifupa yake.

8. Mto unakwenda wapi?

Tulisema Lubumbashi haina bahari. Ni kweli, lakini si kweli yote. Tazameni mto. Mto Lubumbashi huingia katika Kafubu. Kafubu huingia katika Luapula. Luapula huingia katika Ziwa Mweru. Maji hutoka ziwani kwa njia ya mto Luvua, huingia katika Lualaba, na Lualaba ndio mto Kongo, ambao humwagika katika Bahari ya Atlantiki. Kwa hiyo maji yanayopita chini ya kilima cheusi hufika baharini baada ya safari ndefu. Na uchafu anaoutupa mtu mtoni leo humfikia mwingine chini, ambaye hamjui, lakini ni jirani yake.

Mchwa walijenga kwa punje. Babu zetu walijenga kwa majembe na kwa jasho. Je, watoto wa leo watajenga nini, ambacho wageni watakuja kukitazama baada ya miaka 100? Na watakitupa nini, ambacho wajukuu watalazimika kukiokota? Kila mmoja afikiri, kisha ajibu kwa kazi yake.

Maneno

dohani: bomba refu la kutolea moshi wa kiwanda au wa jiko.
makapi: kinachobaki kitu chema kikisha kutolewa.
tanuru: mahali pa moto mkali, pa kuyeyushia madini au kuchomea matofali.
kalibu: chombo ambamo humiminwa madini yaliyoyeyuka ili yapate umbo.
uwanda: nchi pana iliyo sawa.
rutuba: nguvu ya udongo ya kukuza mimea.

Maswali

1. Vilima vya Lubumbashi ni vya namna ngapi? Nani aliyejenga kila namna?
2. Udongo wa kichuguu hutumika kwa kazi gani?
3. Kwa nini kiwanda kilijengwa kando ya mto?
4. Elezeni kwa maneno yenu jinsi makapi yanavyotengana na shaba katika tanuru.
5. Wafanyakazi walitoka nchi gani? Kwa nini Kiswahili kikawa lugha ya mji?
6. Mwaka 1941 wafanyakazi walidai nini, na nini kilitokea?
7. Misalaba ya shaba ilitumika kufanya nini? Inatufundisha nini juu ya watu wa kale wa Katanga?
8. Kwa nini watu walianza kukimega kilima cheusi?
9. Kwa nini watoto walikutwa na madini mengi zaidi mwilini kuliko watu wazima? Mtoto afanye nini ili ajilinde?
10. Chora njia ya maji kutoka mto Lubumbashi mpaka baharini. Andika jina la kila mto na la ziwa.

Kazi ya nyumbani

Mwulize babu, bibi au mzee mwingine wa jirani: alifika mjini namna gani, na alifanya kazi gani? Andika majibu yake katika mistari kumi, uyasome mbele ya darasa.